Nani Aliyewalipa Masista wa Lewiston?

Ukipita mtaa wa Lincoln mjini Lewiston, jimbo la Maine, utaliona jengo la matofali lililojengwa mwaka 1882 na wahamiaji wa Kanada wenye kuzungumza Kifaransa, ambao wengi wao hawakuwa hata na nyumba zao wenyewe. Chini palikuwa na maduka, katikati madarasa, juu ukumbi. Wakaliita kwa jina la mapadre Wadominiko, waliokuwa wamekabidhiwa parokia mwaka mmoja kabla, na jina hilo lipo mpaka leo. Masista waliofundisha watoto humo hawakupewa jengo. Makala haya ni malalamiko yangu kwa niaba yao.

Historia ya shule za parokia katika miji ya viwanda vya nguo kaskazini-mashariki mwa Marekani husimuliwa kama historia ya maaskofu: nani aliamuru, nani alijenga, nani aligombana na nani. Ugomvi upo mwingi na nitaufikia, maana una ladha yake. Lakini mimi nikiitazama habari hii naona kwanza suala la hesabu. Shule hizo ziliwezekana kwa kuwa walimu wake walikuwa wanawake wasiolipwa mshahara wa mwalimu. Wanawake hao walipopungua, shule zikafungwa moja baada ya nyingine, na Kifaransa kilichokuwa kikilindwa ndani yake kikabaki bila ulinzi.

Kwanza, kwa nini walihitaji shule zao wakati shule za serikali zilikuwepo na hazikuwa na karo? Mwaka 1853, katika mji wa Ellsworth hapa hapa Maine, binti Mkatoliki wa miaka 15 aitwaye Bridget Donahoe alifukuzwa shule ya umma kwa kukataa kusoma Biblia ya Kiprotestanti, ile ya Mfalme James. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya jimbo, nayo ikaamua kwamba kamati ya shule ilikuwa na haki. Mwaka 1854 Padre John Bapst, Mjesuiti aliyewatetea watoto hao, alivamiwa na kundi la watu, akavuliwa nguo, akapakwa lami na kubandikwa manyoya. Kwa Mkatoliki wa Maine, basi, shule "ya wote" ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alijulikana. Mwaka 1875 mwanasiasa wa Maine, James G. Blaine, ndiye aliyepeleka bungeni Washington pendekezo la kubadili katiba ili fedha za umma zisifike kamwe kwenye shule za madhehebu. Pendekezo halikupita huko, lakini majimbo mengi yaliweka vifungu vya namna hiyo kwenye katiba zao.

Hao akina Donahoe walikuwa Waayalandi. Wimbi lililofuata lilitoka kaskazini. Kati ya 1840 na 1930 watu wapatao 900,000 waliondoka Quebec, jimbo la Kanada la wasema Kifaransa, kuja Marekani: familia zilikuwa kubwa, ardhi haikutosha kugawana, madeni yalikuwa shingoni, na upande wa pili wa mpaka palikuwa na viwanda vyenye njaa ya mikono. Amoskeag, kiwanda cha Manchester, New Hampshire, kilifikia kuwa na wafanyakazi wapatao 17,000. Lowell na Fall River kule Massachusetts na Woonsocket kule Rhode Island zilijaa mitaa iliyoitwa "Kanada Ndogo". Lewiston ilipata tawi la reli ya Grand Trunk mwaka 1874, na kuanzia hapo mtu aliweza kupanda treni Quebec na kushuka hatua chache kutoka viwandani, akikaribishwa kwa lugha yake na shemeji au binamu aliyetangulia.

Tena hakuja mtu mmoja, ilikuja nyumba nzima, kwa kuwa kiwanda kilikuwa na kazi ya kila umri. Massachusetts iliweka sheria ya saa 60 kwa wiki kwa wanawake na watoto mwaka 1874, na hayo yalihesabiwa kuwa mageuzi makubwa. Watoto walibadilisha vibiringo vya nyuzi, walifagia vumbi la pamba, na wengine walidanganyiwa umri na wazazi wao wenyewe ili waandikishwe. Tusiwapambe. Baba aliyekuwa na watoto tisa alihesabu mishahara yao kabla ya kuhesabu vitabu vyao.

Ndiyo maana tusi la mwaka 1881 liliwachoma sana. Ofisi ya takwimu za kazi ya Massachusetts, chini ya Carroll D. Wright, ilitoa ripoti iliyowaita Wakanada hawa "Wachina wa majimbo ya Mashariki": watu wanaokuja kuchuma na kuondoka, wasiojali shule, wanaowaficha watoto ili wafanye kazi. Kashfa hiyo iliwatukana watu wa mataifa mawili kwa pigo moja. Wakanada walipiga kelele mpaka ofisi ikalazimika kuwasikiliza Boston mwezi Oktoba mwaka huo huo. Wawakilishi wao walifika na orodha za makanisa yao, vyama vyao, magazeti yao, na shule zao. Nadhani siku ile shule ya parokia ilipata kazi ya pili, ya kuwa ushahidi kwamba wao ni watu.

Miaka mitatu baadaye, 1884, maaskofu wa Marekani walikutana Baltimore na kuagiza kila parokia iwe na shule ndani ya miaka miwili. Agizo likaja bila fedha. Fedha zilitoka kwenye bahasha ya kila Ijumaa ya malipo ya kiwandani: kodi ya viti kanisani, bahati nasibu, minada ya keki, michango ya vyama vya kuzikana. Na mfanyakazi huyo huyo, kupitia kodi ya nyumba, alikuwa anachangia shule ya serikali ambayo mwanawe hakai ndani yake.

Kuna padre mmoja namheshimu katika habari hii, kwa kuwa alielewa pesa. Pierre Hévey alikuwa paroko wa Wakanada wa Lewiston miaka ya 1870, na mwaka 1878 aliwaleta Masista wa Kijivu, shirika la watawa kutoka Saint-Hyacinthe, Quebec. Baadaye alihamia Manchester, na huko mwaka 1908, akisaidiwa na Alphonse Desjardins, mwasisi wa vyama vya namna hiyo huko Quebec, waumini wake walianzisha chama cha kuweka na kukopa kilichokuwa cha kwanza Marekani nzima. Msomaji wa Tanzania au Kenya aelewe hivi: SACCOS ya kwanza ya nchi hii ilizaliwa parokiani, mikononi mwa wafanyakazi wa kiwanda cha nguo. Bado ipo.

Sasa tuingie darasani. Utaratibu uliozoeleka ulikuwa nusu siku Kifaransa, nusu siku Kiingereza. Asubuhi katekisimu, Historia Takatifu, sarufi ya Kifaransa, historia ya Kanada. Mchana hesabu, jiografia na historia ya Marekani. Kauli iliyorudiwa mimbarani na magazetini ilikuwa kwamba anayepoteza lugha yake hupoteza imani yake. Darasa la watoto 50 au 60 halikuwa ajabu. Mbele yao alisimama sista mmoja, mara nyingi binti wa miaka ishirini na kitu, aliyetoka kijiji cha Quebec kisichotofautiana sana na kile walichotoka wazazi wa watoto.

Binti huyo alikuwa na nadhiri ya ufukara. Parokia ililipa shirika lake posho ndogo ya mwaka, na shirika lilimlisha na kumvika. Posho isipotosha, masista walifundisha piano jioni kwa watoto wenye uwezo, wakashona, wakafua vitambaa vya altare. Jumamosi walifundisha katekisimu kwa waliokosa nafasi shuleni. Huko Lewiston, Masista wa Kijivu walihudumia pia yatima na wagonjwa, wakaanzisha hospitali mwaka 1888 ambayo leo inaitwa St. Mary's. Quebec ya wakati ule ilitoa masista na mabruda kwa wingi hadi ikawasambaza duniani. Wasomaji wa Uganda wanaijua Kisubi: mabruda wa Mafundisho ya Kikristo walioichukua shule ya St. Mary's pale mwaka 1926 walitoka Kanada, katika ukoo huo huo wa walimu waliofundisha watoto wa viwandani huku.

Hapo ndipo hesabu yangu inapokaa. Chukua mji wenye shule mbili sambamba, ya serikali na ya parokia, zenye watoto wanaokaribiana kwa idadi. Ya kwanza inalipa walimu kutoka kodi ya mji mzima. Ya pili inategemea watu masikini kuliko wote mjini, na bado karo yake ni senti chache. Pengo lililobaki hapo katikati limezibwa na nani? Hakulifuta paroko wala askofu. Lilizibwa na jasho la sista, kila mwezi, kwa karibu miaka 90. Mkutano wa Baltimore ungebaki karatasi bila yeye.

Wapo wanaosema shule hizi ziliwatumikia wenye viwanda, kwamba zililea vibarua watiifu. Siwezi kulikataa lote. Amoskeag iligawa viwanja kwa ajili ya makanisa, na kampuni haigawi kiwanja kwa mapenzi ya Mungu peke yake. Mwaka 1912 wafanyakazi wa viwanda vya Lawrence walipogoma, paroko maarufu wa mji ule, James O'Reilly, aliwapinga viongozi wa mgomo, na Oktoba mwaka huo alikuwa mstari wa mbele kwenye maandamano ya "Mungu na nchi" dhidi yao. Mtoto aliyefundishwa kila siku kwamba subira ni fadhila alifika kiwandani akiwa ameiva kwa saa kumi za kusimama. Lakini mtoto yule yule alifika akijua kusoma lugha mbili, na wajukuu wake wakawa madaktari na mahakimu. Mambo yote mawili yalitoka kwenye dawati moja.

Ugomvi sasa. Waliojenga shule kwa senti zao walidhani ni zao. Sheria ya Maine tangu 1887 ilimpa askofu wa Portland umiliki wa mali yote ya Kanisa katika jimbo, yeye peke yake. Wakanada waliokuwa wamezoea kamati za walei (waumini wasio mapadre wala watawa) za Quebec walikasirika. Viongozi wao walipeleka suala bungeni Augusta, makao makuu ya Maine, na mwaka 1911 Askofu Louis Walsh akawazuilia baadhi yao sakramenti. Rhode Island ilikuwa moto zaidi. Askofu William Hickey alipotaka michango ya parokia za Wakanada iende kwenye sekondari za jimbo zima zilizofundisha kwa Kiingereza, wakili wa Woonsocket, Elphège Daignault, alianzisha gazeti mwaka 1924, akamshitaki askofu katika mahakama za kiserikali, akashindwa, na mwaka 1928 yeye na makumi ya wenzake wakatengwa na Kanisa. Mwaka uliofuata walitubu. Nikiyasoma haya nachoka kidogo: wanaume kwa wanaume wakigombea hati ya jengo, na ndani ya jengo sista anaendelea kufundisha mnyambuliko wa vitenzi.

Na nje ya Kanisa palikuwa na maadui wa kweli. Mwaka 1919 Maine ilipitisha sheria kwamba Kiingereza ndicho lugha ya kufundishia, shule za binafsi zikiwemo. Shule za parokia ziliendelea na Kifaransa chao kwa namna mbalimbali. Wazee husimulia vitabu vilivyotoweka mezani mkaguzi alipobisha hodi, huku wenzao wa shule za umma wakiadhibiwa kwa kuandika mara mia kwamba hawatazungumza Kifaransa. Miaka michache baadaye Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi, ilistawi Maine, ambako Weusi walikuwa wachache mno, kwa kuwachukia Wakatoliki, hasa wa Kifaransa. Mwaka 1924 Owen Brewster alichaguliwa gavana akiungwa mkono na Klan, na kuzinyima shule za kidini fedha za umma ilikuwa mojawapo ya hoja zake.

Upande wa pili wa nchi, Oregon ilikuwa imepitisha sheria mwaka 1922 kuwalazimisha karibu watoto wote kwenda shule za serikali. Aliyekwenda mahakamani kuipinga? Shirika la masista wa Majina Matakatifu ya Yesu na Maria, lililoanzishwa Longueuil, Quebec, mwaka 1843. Mahakama Kuu ya Marekani iliwapa ushindi mwaka 1925, na uhai wa kisheria wa kila shule ya binafsi nchini humu, iwe ya Kiislamu, ya Kiyahudi au ya wasio na dini, unasimama juu ya kesi hiyo ya masista. Mtu akitaka kunionyesha jengo lenye jina lao, hilo ndilo.

Kuanguka kulikuja bila vita. Viwanda vilianza kuhamia majimbo ya Kusini, kwenye vibarua wa bei nafuu. Amoskeag ilifungwa 1935. Baada ya Vita Kuu ya Pili vijana walinunua magari na nyumba nje ya Kanada Ndogo, wakaoa Waayalandi na Waitalia, na Kiingereza kikaingia jikoni. Mwaka 1965 shule za Kikatoliki Marekani zilikuwa kileleni, zikiwa na wanafunzi zaidi ya milioni 5, na masista walikuwa wapatao 180,000. Mwaka huo huo, katika ukumbi wa Mtakatifu Dominiko hapa Lewiston, uliotumiwa kwa mpira wa magongo wa barafuni na vijana wa sekondari ya Kikatoliki, Muhammad Ali alimlaza Sonny Liston raundi ya kwanza mbele ya watazamaji 2,434. (Ndiyo, ile picha maarufu ya Ali akimfokea Liston aliye chini ilipigwa humo. Wakazi wa hapa hawachoki kukuambia.)

Baada ya hapo wasichana wakapata njia nyingine za kusoma na kufanya kazi, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano wa maaskofu wa dunia nzima, ukafungua milango ya konventi, na wito ukapungua haraka. Parokia zikaajiri walimu walei. Mlei ana kodi ya nyumba na watoto, kwa hiyo mshahara wake ni mara kadhaa ya posho ya sista. Karo ikapanda, wazazi wakaondoka, shule zikaunganishwa, zikafungwa. Maine ilifuta sheria yake dhidi ya Kifaransa mwaka 1969, wakati ambapo waliokuwa wameihimili sheria ile darasani walikuwa wanazeeka bila wa kuwarithi. Leo wanafunzi wa shule hizo nchini hawafiki milioni 2.

Hoja ya kawaida ni kwamba watu walipoa imani na kuionea lugha yao haya. Vyote viwili vilitokea. Lakini naamini kilichoua shule ni kwamba hazikuwahi kulipa gharama yake halisi, na bili ilipokuja ikakuta hakuna mfuko.

Suala hili linatuhusu sisi, Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na Waafrika Mashariki wengine wa Portland, Lewiston na Manchester. Tumeingia katika mitaa ile ile na ngazi zile zile za mbao. Wasomali walipoanza kufika Lewiston mwaka 2001, mwaka uliofuata meya wa mji, mwenye jina la Kifaransa kama wengi wa hapa, aliwaandikia wazee wao barua ya wazi akiomba wapunguze kasi ya kuja. Januari 2003 wabaguzi wachache walikuja kufanya mkutano, na maelfu ya wakazi wakajitokeza kuwapinga, wengi wakiwa wajukuu wa watoto wa masista. Kwa hiyo kumbukumbu ya uhamiaji humfanya mtu awe mwema au awe mkali, haitabiriki.

Kinachonihangaisha ni mipango yetu ya kuwalinda watoto na lugha. Kila anayependekeza shule ya Jumamosi ya Kiswahili huanza na ukumbi, jina na nembo. Mwalimu huwa ni "mama fulani, anapenda watoto." Mama fulani anafanya zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee na analea watatu. Tunataka awe sista bila konventi, bila shirika la kumlisha, bila hata nadhiri.

Masista wenyewe yaliwakuta uzeeni. Kwa kuwa hawakuwa na mshahara, hawakuchangia mfuko wa pensheni wa taifa. Sheria iliwaruhusu kujiunga mwaka 1972 tu. Kufikia 1988 mashirika mengi yalikuwa na wazee wengi kuliko wenye nguvu ya kufanya kazi, na maaskofu wakaanzisha mchango maalumu wa kila mwaka kwa ajili ya watawa waliostaafu. Unaendelea, kila Desemba.

Nilimweleza haya mzee mmoja wa jumuiya yetu, dereva wa lori, aliyekuwa ameshikilia kwamba kufundisha lugha ni wito na wito haulipwi. "Mzee wangu," nikamwambia, "wewe ukipeleka mzigo Boston unaupeleka kwa wito?" Akacheka sana. Kisha akaniuliza, safari hii bila utani, mwalimu kama huyo angetaka kiasi gani kwa mwezi, tukachukua bahasha tupu ya umeme na kuanza kupiga hesabu nyuma yake: familia ngapi, dola ngapi kila familia, na nani ashike daftari.